Ubao wa Juu

Baba alipouza nyumba ya Pispala
sikutaka saa ya ukutani wala vikombe.
Niling'oa ubao wa juu wa sauna,
uliokunywa jasho letu sisi wanne
miaka thelathini.
Nimeukata sentimita sitini. Msumeno bado unanuka moshi.

Sasa nimepiga magoti jikoni, Tampere, Novemba,
saa tisa unusu na giza tayari,
pedali saba sakafuni kama viatu vya wageni.

Ya kukwaruza inanoga, lakini inameza mzizi:
noti ya E inaingia fahali, inatoka nyuki.
Nimemrudishia Jorma dukani.
Amenikata euro kumi, eti za usumbufu.
Ya mwangwi ni tamu, sikatai,
ila tukienda mbio inageuza kila kitu uji.
Ya oktavu hupotea njia kule chini,
ndiko ninakoishi.

Zimebaki tatu.
Tyuna, maana sikio la kushoto silitegemei tena.
Kibana sauti, kinachoshika noti
kama mtu aliyekabidhiwa yai la jirani.
Na ile ya buluu isiyo na jina, niliyoilehemu mwenyewe,
hainguruma mpaka ipigwe teke mara mbili.

Marketta, mpiga ngoma wetu, ameinama akatazama.
"Na hapo katikati? Pengo la nini?"

Pana fundo jeusi la mti.
Baba alikuwa akiegesha hapo kata ya maji.
Skrubu haiingii, nimemwambia.

Sijajaribu.