Nguzo

Saa kumi na moja alfajiri, bondeni Svaneti,
tripodi yangu ukingoni mwa konde la nyasi.
Mwalimu Vazha alishasema: mwanga haukimbiliwi.
Nikangoja, vidole ganzi,
hata theluji ya Ushba ikageuka
komamanga lililopasuliwa.
Nikapiga.

Jioni, kwenye kompyuta, nikaiona nguzo ya umeme
imejisimamia katikati kama mgeni asiyealikwa.
Nikaifuta. Mibofyo miwili.
Bonde likabaki safi, la kale,
la kuuzika.

Nikamwonyesha Bi Makvala, mwenye nyumba.
Alivaa miwani, akanyamaza mno.
"Nguzo yetu iko wapi?
Tuliingoja miaka kumi na mmoja.
Shimo lake alichimba mume wangu.
Mgongo wake ulibaki humo."

Jibu sikuwa nalo. Niliinamia viatu vyangu:
soli zimenata nyasi za ng'ombe wake,
nilizozikanyaga
nikitafuta pembe nzuri.

Kesho nitapita njia ya mawe.
Nguzo nitaiacha, na nyaya zake,
na yule kunguru aliyetua juu yake,
ambaye nilimfuta
kabla sijamwona.