Waya wa Saba

Fyuzi ya tatu tangu asubuhi.
Imekufa kama wenzake: tak,
halafu weusi mdogo ndani ya kioo,
jicho la sambaza kikaangoni.

Mwa Lwango amekaa juu ya gurudumu la akiba,
mkoba mapajani.
Gari lilikuwa la mumewe. Hilux ya themanini na nne,
mlango mmoja wa kijani,
mwingine wa rangi ambayo hata mvua imeisahau.
"Likiwa tupu halina neno," anasema.
"Likibeba, nikifika Mudaka, giza.
Nimekuletea na magunia yake,
ulione likiwa na hasira."

Mugisho, kijana wangu, anataka tuweke fyuzi nene,
au kipande cha msumari, tumalize.
Namwambia: fyuzi ni mlinzi wa usiku.
Ukimlewesha mlinzi, usije kulia moshini.
Hapa Kadutu hilo halihitaji maelezo.
Ananyamaza, anarudisha msumari mfukoni.

Nachukua balbu ya pikipiki,
naiunga mahali pa fyuzi.
Inawaka kwa nguvu zote, bila haya.
Vizuri. Sasa shoti ina uso,
tunaweza kuongea.

Nachomoa taa ya kushoto: inawaka.
Ya kulia: inawaka.
Taa ya namba, ambayo haina namba ya kumulika:
inawaka tu.
Mvua ya saa nane inafika, ile isiyobisha hodi,
mabati yanapiga kelele hadi hatusikilizani,
na maji ya mlimani yanapita kati ya miguu yetu
yakibeba ganda la ndizi, kandambili moja,
kizibo changu cha oili.
Mugisho anakikimbilia kizibo.

Nimelala juu ya katoni, chini ya chesi.
Udongo mwekundu wa Kabare unanidondokea mdomoni.
Nahesabu kwa vidole, maana macho hudanganywa na vumbi:
breki, taa ndogo, kona huku, kona kule,
rivasi, na ule wa kurudi kwenye chuma.
Sita. Mjapani aliweka sita.
Kidole kinagusa wa saba.

Mwembamba, waya wa simu ya zamani,
umefungwa kwa plasta ya hospitali,
umepitishwa pale ambapo springi hupanda
kuibusu chesi mzigo ukizidi.
Namwambia Mugisho apige jeki.
Chesi inainuka kidole kimoja: balbu inazima.
Shusha.
Inawaka.
Pandisha tena, nimefurahi, acha nifurahi.

Lakini unakwenda wapi?
Naufuata kama mtu anayefuata deni.
Unapenya tundu lililotobolewa kwa msumari,
unatambaa ndani ya bomba la turubai,
unatokea juu, katikati, kwenye kibalbu
kidogo kama punje ya mahindi,
na swichi ya kengele ya mlango.

"Mama, hii ni ya nini?"

Mwa Lwango anasimama. Anaiangalia sana.
"Kumbe ilikuwa ya umeme," anasema.
"Miaka yote nilidhani aliwaazima tochi."
Kisha ananieleza: wanawake wa soko,
usiku, wakirudi, walikuwa wakihesabu fedha gizani,
noti ya mia tano ikigeuka elfu,
elfu ikigeuka ugomvi kutoka Katana mpaka hapa.
"Alisema amechoka na zile kelele za nyuma,
anataka kusikia injini yake.
Hakuwa mtu wa huruma, usimfikirie hivyo."

Sasa mkasi uko mkononi mwangu.
Kazi ya fundi ni rahisi: kata wa saba,
funga, lipwa, mvua imepungua.
"Niukate?"

Anafungua mkoba, anageuza sarafu na risiti,
anatafuta kitu ambacho hakimo.
"Fyuzi ni bei gani?"
"Franga mia tano."

Mugisho ameacha kusugua kizibo chake, anasubiri.

"Weka mbili," anasema.
"Yake peke yake. Na waya mnene,
upite mbali na springi."