Kutokea Chumba cha Ndani

Siku ya kwanza nilideki kuanzia mlangoni.
Nikarudi nyuma, nyuma, nikivuta dekio
kama mbuzi mkaidi,
hadi mgongo ukagusa kabati la vyombo
na mimi niko kwenye kona, pekupeku,
mbele yangu sakafu yote mbichi, inang'aa,
na mlango uko ng'ambo.
Nilisimama pale nusu saa.
Miaka thelathini na mmoja nimekuwa gadi wa treni,
sijawahi kukwama kituo kisicho na jina.

Sechelela yuko Manyoni.
Nyemo wetu kajifungua mapacha.
Ameniachia funguo, debe la unga wa mtama,
na nyumba ya vyumba vitatu hapa Kizota.
Maelekezo hakuniachia. Alidhani nayajua,
maana nimeishi humu.
Kumbe nilikuwa napita tu,
na viatu.

Nilipompigia kumweleza, alicheka
mpaka pacha mmoja akaamka.
Kisha akashusha sauti, akaongea polepole,
kama anayemwelekeza mgeni njia usiku:
"Anza juu. Utando wa buibui, dari, halafu madirisha.
Uchafu hauna miguu ya kupanda, Baba Nyemo, unashuka tu.
Usifagie na dirisha la mashariki liko wazi,
utakuwa unafagia Dodoma nzima.
Nyunyiza maji kwa vidole. Kidogo! Si ubatizo.
Anzia chumba cha ndani kabisa, malizia mlangoni,
utoke nje na vumbi lako."

Maji ya bomba kwetu ni Jumanne usiku.
Basi maji nayo yanasafiri:
yanasuuza mashati, yakitoka hapo yanadeki sebule,
yakishakuwa meusi yanaenda chooni.
Hakuna tone linaloshuka kabla ya kituo chake cha mwisho.
Hilo nililielewa upesi kuliko yote.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Harusi ngapi nimeisema hiyo
nikiwa nimesimama wima, kipaza sauti mkononi?
Juzi niliinama.
Magoti yakalia kama breki zisizo na mafuta.
Nikamulika kwa simu chini ya kitanda chetu:
hakuna soksi, hakuna tiketi kuukuu,
hakuna chochote cha miaka hiyo yote,
ila vumbi la siku tisa, jembamba,
la tangu alipoondoka.
Nikabaki palepale, shavu karibu na saruji,
nikaona pembeni duara ambapo ndoo yake hutua.
Saruji imelika kidogo, imelainika
kama ngazi ya behewa la daraja la tatu.
Sikuwahi kuliona.
Na tusi mdomoni nililokuwa nimeliandalia magoti
nikalimeza.

Sasa natumia saa moja na robo.
Sibebi tena kijiko jikoni, nikarudi, nikabeba kitana;
nazunguka na beseni kama behewa la mizigo,
vilivyopotea njia vinapanda humo,
kila kimoja nakishusha chumba chake.
Masufuria nasugua kwa jivu.
Fagio nalitundika, lisisimamie nywele zake likapinda.
Bado nakosea. Jana niliipangusa redio kwa tambara bichi,
leo inasoma taarifa ya habari kwa kukohoa.

Saa nane mchana mabati yanaanza kunong'ona.
Upepo unakuja kutoka upande wa Ihumwa
umebeba wekundu wake wote.
Nafunga dirisha, naziba chini ya mlango kwa gunia,
nakaa kwenye kiti kama mlinzi wa benki.
Linapenya. Sijui kwa wapi.
Nikigeuka limeshatua kwenye kingo ya dirisha,
jipya, jekundu, tulivu,
kana kwamba asubuhi sikugusa kitu.

Nilimpigia.
"Limerudi."
"Nani?"
"Vumbi."
Kimya kidogo, mtoto ananyonya.
"Basi lisalimie," akasema. "Hapo ni kwao pia."

"Mbukwa," nikaliambia,
nikaenda kutafuta tambara kavu.