Nukta ya Dulamsuren

Kwenye ramani ya ofisi yetu, Ulaanbaatar,
mtaa wa mlimani ulikuwa mweupe.
Si weupe wa theluji. Weupe wa karatasi,
wa mahali ambapo mkono wa mchoraji ulichoka
ukasema: hawa watahama tu.

Hawakuhama. Mahema ya sufu yalipanda mlima,
ua baada ya ua,
na moshi wa makaa yao ukanifuata puani
hadi ghorofa ya nne, nilikokaa na kipanya changu.

Nikatumwa Januari.
Simu niliificha kifuani isizimwe na baridi.
Nikawaambia: gusa hapa, weka nukta, jiji litaona.
"Kumbe jiji lina macho?" akauliza Batsuuri, fundi majiko.
"Basi lilikuwa limeyafumba."

Lakini waligusa.
Nomindari wa darasa la sita akaweka nukta tisa za mbwa,
kila mbwa na jina lake, na ukali wake kwa nyota.
Mama mmoja akaweka giza: hapa giza, na hapa, na hapa,
mpaka kichochoro kizima kikawaka nukta.
Batsuuri akakisogeza kibanda cha maji, kwa kidole tu,
kutoka bondeni hadi mlangoni pake.
Mwamba ngoma huvutia kwake.
Tulikirudisha, naye akacheka kuliko sote.

Dulamsuren alikuja mwisho, akivuta kigari cha madumu mawili.
Alivua glavu kwa meno.
Kioo cha simu kilikikataa kidole chake mara tatu;
nikakipasha moto kati ya viganja vyangu.
Akaweka nukta katikati ya mteremko,
pasipo nyumba, pasipo nguzo, pasipo kitu.

Fomu ikauliza: ni nini hiki?
Maji. Taa. Choo. Taka. Mengineyo.
Akachagua mengineyo, akaniamuru niandike:
*Hapa ndipo ninapotua.*

Kikaoni, mkuu wa mipango aliikuza ramani ukutani,
akaikuza tena.
"Nukta hii imekosewa. Hapa hapana kitu."
Nilitaka kusema, nikasema vibaya, nikagugumia takwimu.
Sikumwambia kwamba nilipanda siku ile na dumu moja,
moja tu, nami ni kijana,
na palepale penye nukta magoti yangu yakaniomba radhi.

Mei hii taa nne zimesimama kichochoroni.
Mbwa wawili wamefungwa. Kibanda kiko bondeni bado.
Benchi liliingia kwenye bajeti, likafutwa,
likarudishwa kwa penseli.

Dulamsuren anakalia dumu lake.
Kutoka dirishani kwangu simwoni, ni mbali, na vumbi la Mei halina adabu.
Asubuhi, kabla ya chai, huifungua ramani
nikaigusa nukta yake:
saa hizi, nadhani, ametua.