Mpishi wa Ngome ya Bahala

Alipokufa Muhana,
hakutaja hata jina;
wanawe wakaonana,
jicho li ufunguoni.

Dhiyabu kashika ngome,
akaijaza waume;
Himyari, ili wakome,
kaziba falaji chini.

Nami, mpishi wa wote,
niliyewafuta mate,
niliambiwa nilete
asali juu langoni.

Asali ya tende ile
waliyogombea kale,
sasa yachemka tele,
ya kumwagwa utosini.

Usiku akatokea
Himyari, kachekelea
kama alivyozoea:
“Bibi, nipe kijikoni!”

Dhiyabu kasema: “Mwaga!”
Sufuria nikabwaga
miguuni; sikuaga,
nikatambaa njiani.

Mwauliza: katawala
nani? Miye sijalala,
kovu lawasha. Bahala
maji yarudi shambani.