Kinachobaki Sufuriani

Ripoti ya mwaka ilifika Jumanne, kurasa mia na themanini,
jaladani mtoto anacheka na simu mkononi.
Sikuwa na haja na mtoto.
Nilinoa penseli kwa kisu cha viazi,
nikaenda moja kwa moja ukurasa wa tisini na nne.

Miaka thelathini na mmoja nilikaa mbele ya ubao wa swichi, Trois-Rivières,
nachomeka waya, nachomoa waya,
"Subiri, bwana, nakuunganisha."
Hisa zilikatwa mshaharani, dola tatu kwa wiki.
Leo gawio lake ndilo linalonunua mafuta ya tanuri.
Basi msinifundishe gawio ni nini.
Gawio ni nyuzi ishirini na moja sebuleni, mwezi wa Februari.

Kijana wa benki, Maxime, mwenye tai ya samaki wadogo,
aliniambia: "Madamu Therrien, asilimia tisa nukta nne!
Nani mwingine analipa hivyo?"
Nikamuuliza, limepanda gawio au imeanguka hisa?
Akanywa maji.

Faida nawaachia wapiga picha.
Faida huvishwa koti, hupakwa wanja, ikapendeza.
Mimi natafuta fedha iliyoingia mlangoni kwa miguu yake:
milioni mia sita na kumi na mbili.
Toa minara, na mkongo waliouzika ardhini hadi La Tuque: mia tatu arobaini na sita.
Toa masafa waliyoyagombania mnadani kama walevi: hamsini na nane.
Toa kodi za majengo, zilizojificha tanbihi ya kumi na saba,
kwa herufi za ukubwa wa chawa:
thelathini na saba.

Réjean, Mungu amrehemu,
kila Machi alichemsha utomvu wa miti ya sukari nyuma ya nyumba.
Ndoo arobaini za utomvu, ndoo moja ya shira.
Wageni walihesabu ndoo.
Yeye alihesabu kuni.
"Kinachobaki sufuriani ukishalipa kuni," alisema,
"hicho gawa. Kabla ya hapo unagawa mvuke."

Kimebaki mia na sabini na moja.
Wamegawa mia mbili thelathini na nane.
Nikafuta, nikaandika upya, labda ni macho.
Sitini na saba. Sitini na saba zimetoka wapi?
Ukurasa wa mia na kumi na mbili: hatifungani mpya, riba asilimia saba.

Kumbe wamekopa wanipe.
Kukopa harusi, nami nilikaa meza ya mbele,
nimekula keki na kufuta mdomo,
sijauliza matanga yatafanyika kwa nani.

Mkutanoni Shawinigan nilinyoosha mkono.
Kipaza sauti kilinifikia kikiwa na joto la mikono ya wengine.
Nikasoma tarakimu zangu, moja moja, kama nilivyokuwa nikisoma namba za mbali.
Mkuu wa fedha akatabasamu:
"Tumejizatiti kulilinda gawio."
Niliuliza hesabu, nikajibiwa nia.

Ukumbi ukapiga makofi.
Walipiga mafundi waya wa zamani, watu wangu,
waliopanda nguzo katika dhoruba ya barafu na vidole visivyohisi.
Fernand Lacoursière, nyonga yake ya chuma, akanivuta mkono wa koti:
"Kaa chini, Ghislaine. Nina madirisha ya kubadilisha."
Nikakaa.
Sikuwa na jibu kwa madirisha ya Fernand.

Nyumbani sikuvua buti.
Nilisimama mbele ya kidude cha joto ukutani,
nikakizungusha: ishirini na moja, ishirini,
kumi na tisa.

Wao hawajapunguza bado.
Mimi nimeanza.