Viti Sitini na Viwili

Picha ilikwisha saa tatu na robo, ukumbi wa Kirumba,
na taa zilipowaka watu walitazamana
kama waliofumaniwa wakilia, au wakikoroma.
Mimi nilikuwa nyuma. Kazi yangu viti:
naleta, napanga, nahesabu, narudisha.
Viti nakodisha. Maoni nilipewa bure.

"Saa nzima na nusu," alisema Masunga wa bodaboda,
"mtu anakata vitunguu!
Hakuna kofi, hakuna mchumba, hata deni hadaiwi.
Nikajua kile kisu kina kazi mbele.
Wapi! Kikaoshwa, kikaanikwa."

Binti wa chuo, miwani imemteleza puani,
akamwambia kisu kisichoua nacho kina kisa,
na ule ukimya haukuwa wa bahati mbaya.
Masunga akauliza
kama ukimya nao ni elfu tatu kiingilio.

Mama Kokugonza alikuwa anatafuta kiatu chini ya benchi.
"Yule si mpweke, yule hajaoa. Nipeni namba yake."
Akaambiwa ni mwigizaji tu.
"Kwani mwigizaji hali?"

Majura, fundi friji, yeye alikasirika kweli.
"Lile friji la jikoni, mmelisikia? Kompresa inakufa.
Linaguruma, linanyamaza, linaguruma,
na yeye anapita tu, hata kulipiga teke!
Sikuweza kufuata kitu kingine."
Mtu nyuma yake akasema polepole:
nani mwingine alikuwa akimsemesha mle ndani?
Majura akafunga zipu ya koti. Akaifungua.

Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa wa ukoko.
Pale wageni arobaini wa gesti wameshashiba,
sahani zimerudi na miba ya sato,
naye anainama na mwiko, anakwangua sufuria,
anakula ukoko amesimama,
dirisha mbele yake, ziwa lote nje,
wala haliangalii.
Bahili, wakasema hawa. Amefiwa, wakasema wale.
Na kijana mmoja, mdomo umejaa karanga:
jamani, ukoko ni mtamu, basi.

Walitoka hivyo hivyo, wakibishana hadi barabarani.

Akabaki Limi.
Anapika kantini ya kiwanda cha minofu,
harufu ya sangara haimtoki hata Jumapili.
Alinisaidia kupanga viti bila kuombwa,
kumi kumi, mpaka vikafika kifuani,
ndipo aliposema: "Walikosea kwenye chumvi."
Nikasubiri.
"Ameonja mara moja.
Anayepika bila mtu huonja mara mbili.
Ya kwanza ni chumvi.
Ya pili ni ili awepo wa kusema imekolea."
Akajifuta mikono kwenye kanga, na mikono ilikuwa mikavu.
Akaniaga.

Nilisukuma mkokoteni mpaka Kitangiri.
Mawe yalikuwa bado na joto la mchana,
ukipita karibu unalihisi shavuni.
Sitini na viwili. Hakuna kilichopotea.
Nikavipanga kwenye ukuta wa sebule, karibu na mlango,
vikagusa dari kama kawaida,
nikaenda jikoni nikafunua wali wa mchana.

Sijui nilikuwa nimeshakula kiasi gani.
Mwiko ulikuwa mkononi, sufuria juu ya meza,
na miguu ikaniambia yenyewe:
umesimama.
Miaka sita nakalisha watu,
harusi za Pasiansi, misiba ya Igoma, vikao vya vikoba,
na mimi hapa, kama yule bwana,
tofauti yetu ni friji. Mimi sina.

Nikaenda sebuleni, nikavuta kiti kimoja.
Vikaja viwili, vimeng'ang'aniana.
Nikavivuta, nikavipiga goti, vikakataa.
Nikavikalia vyote viwili, nikamaliza ukoko.

Chumvi ilikuwa imepungua.
Nikaonja tena.